Tupokee, Tusipokee?

Msimu wa kahawa ukikaribia kwisha, barua huanza kutembea. Mbinga ni wilaya ya kahawa, na hata kwetu Matiri familia isiyo na mche hata mmoja huishi kwa kalenda yake, maana pesa ya kahawa ndiyo inayolipa kibarua, inayojenga, inayofuta madeni kwenye daftari la muuza duka. Katika miezi hiyo ada hulipwa, bati hununuliwa, na barua za posa huandikwa. Zamani ilikuwa karatasi ya daftari yenye mwandiko wa mwalimu. Siku hizi inachapwa mjini, ina maua pembeni na makosa mawili matatu ya herufi, na noti imekunjwa ndani yake.

Nina ugomvi na barua hizo, lakini si ule mnaoutarajia kutoka kwa mwanamke aliyesoma. Sina neno na shangazi anayesema, "Kuna kijana wa watu pale Mbuji, hanywi, ana shamba lake, hebu mfikirie." Watu wamekutanishwa na ndugu zao tangu dunia iumbwe na wengine wamezeeka pamoja kwa amani. Wengine wamekutana wenyewe chuoni, wakapendana hadi chuo kizima kikajua, na leo wanapigania televisheni mbele ya hakimu. Aliyemleta mume si hoja. Ugomvi wangu ni na swali moja linaloulizwa siku ya posa, na hasa na saa linapoulizwa.

Mimi hukaa chumbani. Kwa kuwa ni dada mkubwa kwa mabinti wengi wa ukoo, na kwa kuwa nimesoma na inaaminika kwamba naweza kumtuliza mtu, mara nne nimepewa kazi ya kukaa na binti wakati wageni wako nje. Tunakaa kitandani, yeye amejifunika khanga mpya, mimi nimeshika maji ya kunywa. Ukuta ni wa tofali za kuchoma usiofika darini, kwa hiyo tunasikia kila kitu.

Tunamsikia mshenga akizunguka: walikuwa wanapita njia, wameona ua zuri kwenye bustani ya mzee, wanaomba kulichuma. Tunasikia vicheko. Tunasikia faini: ya kuchelewa, ya kuingia uwanjani bila hodi, ya kusema kabla ya kuruhusiwa. Noti zinahesabiwa. Kisha orodha inasomwa. Mkaja wa mama. Blanketi la bibi. Koti la babu. Halafu ng'ombe, ambao hawaonekani popote kwa sababu ni ng'ombe wa kwenye karatasi, kila mmoja na bei yake, na wajomba wanaanza kubishana kama wako mnadani. Mmoja anataja kwamba binti amefika kidato cha nne, bei inapanda. Upande wa pili unakumbusha kwamba alipata divisheni ziro, bei inashuka. Binti anasikia. Mara ya pili nilipokaa na mmoja, alichungulia kwenye upenyo wa pazia akaninong'oneza, "Dada, ni yule mwenye kofia?" Hakuwa yule mwenye kofia. Hakuwepo kabisa. Alikuwa Dar es Salaam, kazini.

Bahasha inawekwa kwenye sinia, inafunikwa kitambaa. Ndipo mzee anaposema, "Aitwe binti."

Anatoka, anapiga magoti, anatazama chini. Watu ishirini, thelathini wamenyamaza. "Mwanetu, hawa wageni unawafahamu? Na hivi walivyoleta, tupokee, tusipokee?"

Naye hujibu, "Pokeeni." Vigelegele. Kuku walishachinjwa tangu asubuhi.

Lisikilizeni tena swali lile. Halijataja mwanaume. Halijataja kuishi, kulala, kuzaa, kuhama. Linauliza habari za vitu vilivyo kwenye sinia, na anayeulizwa ndiye pekee katika kikao kile asiyepata hata kimoja. Baba amekwisha kula faini. Mama amekwisha kuazima sufuria za jirani. Wajomba wamelipa nauli kutoka Mbamba Bay. Blanketi la bibi liko pale kwenye mfuko, bibi analiona. Hapo ndipo msichana wa miaka kumi na tisa anapopewa uhuru wake wa kuchagua, mbele za watu, kwa magoti, kwa neno moja. Nimekaa chumba kile mara nne na sijamsikia hata mmoja akisema "msipokee". Wazee huichukua hiyo kuwa ushahidi kwamba kwetu hakuna anayelazimishwa.

Na kweli, hakuna anayelazimishwa, ikiwa kulazimishwa ni fimbo. Fimbo haihitajiki. Kinachofanya kazi ni mpangilio: kwanza wakubwa wanakubaliana, kisha pesa inapita, kisha chakula kinaiva, na mwisho kabisa ndiyo binti anaulizwa. Ukilisogeza swali lilelile mwezi mmoja nyuma, chumbani, bila sinia, utapata majibu mengine. Ninajua kwa sababu mimi ndiye ninayeambiwa majibu hayo, dakika ishirini kabla ya "pokeeni", kwa kunong'ona, wakati hayawezi tena kumsaidia mtu.

Sheria inalijua jambo hili vizuri kuliko tunavyodhani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 16, inasema ndoa haifungwi ila kwa ridhaa ya kila mmoja wa wanaooana, iliyotolewa kwa hiari. Kifungu cha 38 kinaiweka ndoa isiyo na ridhaa hiyo miongoni mwa ndoa batili, maana yake si ndoa. Hapo ni pazuri. Ila sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 13, inamruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 wakati mvulana anasubiri 18, na kifungu cha 17 kinasema msichana aliye chini ya miaka 18 atahitaji ridhaa ya baba yake. Kama baba amefariki, ndipo ya mama. Someni tena: mama anapata sauti juu ya ndoa ya mwanawe akishakuwa mjane.

Rebeca Gyumi alivipeleka vifungu hivyo viwili Mahakama Kuu, na mwaka 2016 mahakama ikasema vinakwenda kinyume cha Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mwaka mmoja ule umekwisha zaidi ya mara moja. Na katika mwaka uleule wa 2016 Bunge lilirekebisha Sheria ya Elimu: ukimwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, kifungo ni miaka thelathini. Kwa hiyo binti wa miaka kumi na sita akiwa na sare ni miaka thelathini gerezani, na binti wa miaka hiyohiyo aliyekosa nafasi ya kuendelea na shule ni wali na vigelegele. Tunalinda sare. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta wanawake 31 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa au kuishi na mwanaume kabla ya kutimiza 18. Hao hawakuchukuliwa usiku na majambazi. Wengi walitoka nyumbani kwao mchana, na wazazi wao wanajulikana.

Wilaya yetu ni ya Wakatoliki, kwa hiyo niseme na la Kanisa. Wazee wetu wengi huamini kwamba kupinga posa ya baba ni kupinga amri ya nne. Lakini Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ulipobanwa na watawala waliotaka ndoa isiyo na kibali cha wazazi itangazwe kuwa batili, ulikataa. Uliichukia ndoa ya namna hiyo, ukasema hivyo, ila ukashikilia kwamba ni ndoa. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1057, inasema ridhaa ya wawili ndiyo inayofanya ndoa na hakuna mamlaka ya binadamu inayoweza kuitoa badala yao. Kanuni ya 1103 inakwenda mbali zaidi: ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa itokayo nje ni batili, hata kama aliyesababisha hofu hiyo hakukusudia. Hata kama hakukusudia! Ningependa kanuni hiyo isomwe kila parokia, Jumapili ya kwanza baada ya kahawa kulipwa.

Paroko naye huwahoji wachumba mmoja mmoja kabla ya kuwafungisha. Anauliza kama kuna aliyelazimishwa, na huuliza kwa dhati. Lakini anauliza lini? Mahari imelipwa, kamati ya harusi imeundwa, michango inasomwa kwenye kundi la WhatsApp pamoja na majina ya wadaiwa, kicheni pati imepangiwa tarehe. Anachohoji padri ni jambo ambalo jamii imekwisha kulifunga na kulipigia mhuri. Binti anayemjibu padri "nimelazimishwa" hatakuwa anakataa mwanaume mmoja. Atakuwa anawataka watu mia mbili warudishiwe michango yao.

Sasa niwape wazee haki yao, maana wana hoja moja nzito na vijana wa mitandaoni hawaijibu. Wanasema: mnaposema achague mwenyewe, anachagua wapi? Kijijini mwetu uchaguzi huru wa binti wa miaka kumi na saba ni kijana wa bodaboda aliyempa lifti mara tatu. Baada ya miezi sita ana mimba, na yule kijana amehamia Songea, namba haipatikani. Huyo alichagua mwenyewe, na mtoto analelewa na bibi. Mzee anayepeleka watu kuuliza ukoo wa kijana ukoje, kama kuna wanaopiga wake, kama kuna deni, kama kuna mwanamke mwingine mjini, anafanya kazi ambayo mapenzi hayafanyi. Nakubali kila neno. Mimi mwenyewe nikiletewa mtu, nitataka shangazi zangu wamchunguze hadi chooni.

Wamatengo walikuwa na sengu: ukoo ulikula pamoja kwa mzee wao, na mambo ya nyumba zote yakazungumzwa hapo. Wazee hupenda kulitaja jina hilo wakitetea posa za leo. Lakini linganisheni. Shauri la sengu lilikuwa na kesho na keshokutwa. Watu waliokula pamoja kila siku waliweza kulirudia jambo mara kumi, na mtu aliyenuna alionekana amenuna. Posa ya leo inamalizika mchana mmoja, huku gari la kukodi likisubiri nje na dereva akilalamika giza litamkuta njiani. Tumeacha mashauriano tukabakiza bahasha.

Nikimalizana na wazee, wanabaki wasomi, na kwa hao sina upole.

Wengi wetu tulisoma *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi shuleni. Tulimwonea huruma Yasmin aliyeozwa kwa Raza aliyemzidi umri mno, tukajibu maswali ya mtihani juu ya dhamira ya ndoa za kulazimishwa, tukapata alama. Halafu kijana aliyepata alama hizo anamaliza chuo, anapata kazi Dar es Salaam, anaishi miaka saba akizunguka na wanawake wa mjini, na akifika thelathini na mbili anampigia mama yake: "Mama, nitafutie mtu wa nyumbani. Hawa wa huku wajuaji."

Ukitaka kujua ndoa ya kupangwa ya zama hizi inaonekanaje, ni hiyo. Haianzii kwa mzee mwenye mkongojo. Inaanzia kwa kijana mwenye simu nzuri na maoni mengi kuhusu haki za binadamu. Mama anatuma picha tatu kwa WhatsApp. Mwana anazikuza kwa vidole viwili, kama anavyokuza picha za viatu vya Kariakoo, anajibu, "Huyo wa katikati." Wa katikati naye anaonyeshwa picha moja: kijana ameegemea gari. Gari si lake. Posa inatumwa kwa M-Pesa, mshenga anakata asilimia yake, na ndoa inafungwa wiki ya Krismasi kwa sababu ndipo likizo ilipopatikana.

Kisha nini? Januari kijana anarudi Dar es Salaam. Chumba ni kimoja, maisha ya mjini ni ghali, "nikijipanga nitakuja kukuchukua". Mke anabaki kwa mama mkwe.

Hapo sharti mjue shamba la kwetu likoje. Kwenye miteremko ya Umatengo, nendeni Litembo au Maguu mkaone, tunalima ngolo. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana hadi mlima unakuwa na miraba kama wavu. Wanawake huchimba shimo katikati ya kila mraba na kuufukia udongo juu ya majani, ikawa matuta. Maharage hupandwa juu yake, na baadaye mahindi. Mvua inyeshe inavyotaka, maji yanakaa kwenye mashimo na udongo haushuki bondeni. Wataalamu wameusifu ustadi huo, na unastahili sifa. Lakini hesabuni mashimo. Kila shimo limechimbwa kwa jembe la mkono na mwanamke aliyeinama, na mlima una mashimo mengi kuliko uvumilivu wa mtu yeyote. Mama mkwe amezeeka, mgongo umekataa. Mwanawe wa mjini hawezi kuja kulima, na kumlipa kibarua kila mwaka ni gharama. Mke anayeletwa mara moja kwa ng'ombe wa kwenye karatasi anamaliza tatizo hilo kwa miaka thelathini.

Sisemi kila mama anayemtafutia mwanawe mchumba anatafuta jembe. Nasema kijana anayeagiza mke asiyemjua, amwache kwa mama yake, kisha aende kwenye mitandao kuwacheka "watu wa bara na mila zao", ajiangalie. Wasichana wa mjini anaowaita wajuaji kosa lao ni moja: ukiwauliza kitu, wanakuwa na muda wa kufikiri kabla ya kujibu. Ameenda kijijini kutafuta mtu atakayeulizwa mbele ya kuku waliochinjwa.

Lugha yetu yenyewe imelipanga jambo hili, nami hulifikiria nikisahihisha insha. Mwanaume anaoa. Mwanamke anaolewa. Baba anaoza. Na ukimwambia mtoto wa darasa la nne atunge sentensi kwa neno "oza", atakuambia embe limeoza. Simlaumu.

Neno "hapana" lina gharama, nayo huongezeka kila siku bahasha inapokaa. Kifungu cha 71 cha Sheria ya Ndoa kinampa mtu nafasi ya kudai mahakamani zawadi alizotoa kwa sharti la ndoa, kama ndoa haikufungwa. Ni haki, mtu asiliwe vyake. Lakini kwetu mahari haikai ndani ya kabati ikisubiri. Ikipokelewa Jumamosi, Jumatatu imekuwa bati, imekuwa dawa ya mama, imekuwa ada, imekuwa mahari ya kaka anayeoa mwezi ujao. Kwa hiyo binti akibadili mawazo baada ya posa, au akirudi nyumbani na jicho limevimba baada ya mwaka, swali la kwanza halihusu jicho. Ni "tutazitoa wapi?" Nimeliona hilo mara moja kwa karibu: binti amekaa uani na mfuko wake wa nguo, ndani wanahesabu ni nani alikula nini. Alirudishwa kwa mumewe siku ya tatu kwa sababu hesabu haikutimia. Na sheria yetu haisemi popote kwamba lazima iwe hivyo. Inasema ndoa haibatiliki kwa sababu tu desturi ya mahari haikufuatwa. Kamba hiyo tumejifunga wenyewe.

Wajapani nao wana desturi ya kukutanishwa na mshenga, wanaiita *omiai*. Nilichokipenda katika desturi hiyo ni kwamba kazi ya mshenga ni pamoja na kubeba kukataa. Wawili wakishaonana, yeyote asiyependa humwambia mshenga, naye hulifikisha neno hilo kwa adabu bila watu kuangaliana usoni. Mshenga wetu hajui kazi hiyo. Hulipwa kwa "ndiyo". Ukimpa "hapana" aibebe, anarudi wiki ijayo na sukari kilo tano.

Kwa hiyo ninachotaka si kikubwa, na ndiyo maana kinanikera kwamba hakipo. Barua ikifika, isijibiwe mwezi ule. Noti iliyo ndani isiguswe. Binti aulizwe akiwa peke yake, na mtu asiyepata mkaja wala blanketi, na aulizwe habari za mwanaume: umemwona, umeongea naye, unamtaka? Kijana aulizwe vilevile, maana wapo wavulana wanaooa ili bibi afe ameridhika. Aje mwenyewe, si picha. Jibu likiwa hapana, mshenga alibebe, na habari iishie hapo. Yakiwa ndiyo kwa wote wawili, basi sawa, leteni sinia, pigeni faini, fanyeni mzaha wa ua na bustani, ninaupenda mzaha ule. Na siku ile mzee akiuliza "tupokee, tusipokee?", liwe ni pambo la sherehe, kama linavyodai kuwa.

Ningeishia hapo kama mwezi huu barua nyingine isingefika, safari hii kwa baba mdogo, kwa ajili ya binti yake. Ana miaka kumi na tisa, alimaliza kidato cha nne mwaka juzi. Kijana yuko Dar es Salaam. Nilipigiwa simu huku ninakofundisha niandae nauli nije nikae chumbani. Nikaomba kwanza niongee na binti.

"Umemwona?"

"Nimeona picha."

"Unamtaka?"

Akakaa kimya, nikasikia jogoo kwa mbali. Kisha akasema, "Dada, nikisema sitaki, halafu?"

"Halafu unabaki nyumbani."

"Nabaki nyumbani nafanya nini?"

Hilo sikuwahi kuulizwa kwenye semina yoyote ya haki za wanawake, nami nimekaa nyingi. Sheria inampa hiari, Kanisa linampa hiari, lakini hiari ya kuchagua kati ya mwanaume wa kwenye picha na kuchimba ngolo za mama yake bila kulipwa hadi barua nyingine ije ni hiari nyembamba sana. Nilikuwa tayari na maneno kuhusu ridhaa. Yeye alikuwa anauliza kuhusu Jumatatu.

Nikampigia baba mdogo, nikamweleza ninayowaeleza ninyi. Alisikiliza hadi mwisho, ni mtu mwungwana. Kisha akasema, "Mwanangu, ada yako ya kidato cha tano ilitoka wapi?"

Anajua ilikotoka, nami najua. Ilitoka kwenye mahari ya dada yangu mkubwa, ambaye aliishia darasa la saba na akasema "pokeeni" mwaka ambao mimi nilifaulu. Wasomi wengi wa kutoka kwetu, wakichunguza, watakuta dada wa namna hiyo mahali fulani kwenye risiti zao. Baba mdogo alidhani amenifunga mdomo. Nilimwambia hiyo ndiyo sababu ninampigia yeye na siandiki tu magazetini. Kama ukoo ulijua kubadilisha binti mmoja kuwa ada ya mwingine, basi yule mwingine sasa ana mshahara, na ada inaweza kutoka upande wa pili.

Nimeuliza chuo cha ufundi Songea. Ada na bweni kwa mwaka vinapungua kidogo tu kuliko ng'ombe wawili wa kwenye karatasi kwa bei ya kikao cha mwaka jana. Nimesema nitalipa mwaka wa kwanza, na ndugu zangu wawili waliosoma kwa pesa ileile watalipa wa pili, mmoja amekubali, mwingine anasema anajipanga. Nimeomba barua isijibiwe hadi baada ya Pasaka, na kama kijana ni mtu mzuri kama mshenga anavyoapa, atasubiri, au atapanda basi aje aonekane. Baba mdogo hajasema ndiyo. Amesema atafikiri. Mshenga amepita mara mbili, mara ya pili na sukari.

Bahasha iko juu ya kabati la vyombo, haijaguswa, mama mdogo ameilalia bakuli. Na binti amenitumia ujumbe jana usiku: anauliza kama chuo kile wanafundisha umeme wa magari, au ni wa majumbani tu.